Nyutro Moja kwa Taa za Fezi Tatu: Faida Yake na Hatari Yake



Katika mashamba mengi siku hizi stima haiwashi taa ya nyumbani peke yake. Inazungusha kinu cha posho, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, pampu ya maji, na katika viwanda vya vyama vya ushirika inazungusha mashine ya kutoa maganda ya kahawa. Mashine kubwa za namna hii hutumia stima ya fezi tatu. Na mahali palipo na fezi tatu haikosi siku fundi atamwambia mwenye shamba maneno haya: "Mzee, taa za mabanda yako matatu tuzigawe katika fezi tatu, lakini zote zitumie waya mmoja tu wa nyutro. Utaokoa pesa."

Je, maneno hayo ni ya kweli? Ni ya kweli kwa sehemu. Lakini ile sehemu iliyobaki huchoma nyumba na kuua watu, na anayekufa mara nyingi ni fundi mwenyewe, au kijana wa shamba aliyepanda ngazi kutengeneza taa. Kwa hiyo yafaa kila mkulima mwenye stima alielewe jambo hili. Somo hili si la kukufanya wewe fundi. Ni la kukuwezesha kumwuliza fundi maswali yanayofaa kabla hajaanza kazi, na kulijua kosa ukiliona.

KWANZA TUJUE MAJINA

Stima haifanyi kazi kwa waya mmoja. Ni lazima iende na irudi. Waya unaoileta kwenye taa huitwa waya wa moto. Waya unaoirudisha huitwa waya wa nyutro. Wa tatu ni waya wa ardhi, ambao kwa kawaida haubebi kitu. Unangoja siku ya ajali tu.

Njia nzima ya kwenda na kurudi, pamoja na taa zake na swichi zake, huitwa sakiti. Kila sakiti ina breka yake katika bodi, ambayo hujikata yenyewe mzigo ukizidi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na fyuzi, na bado ziko nyumba zenye fyuzi.

Sasa shika neno hili moja, kwa maana somo lote linalitegemea: breka ya kawaida ya taa inaulinda waya wa moto peke yake. Haiuoni waya wa nyutro wala haiukati.

FEZI TATU NI NINI

Ukitazama nguzo za stima zinazopita vijijini, mara nyingi utaona nyaya nne. Tatu ni nyaya za moto, yaani fezi tatu. Wa nne ni nyutro. Nyumba ndogo hupewa fezi moja na nyutro. Kiwanda au kinu hupewa fezi zote tatu.

Stima yetu haiendi upande mmoja kama maji ya mto. Inakwenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Fezi tatu zote hufanya hivyo, lakini hazifanyi pamoja. Zinapokezana, kama watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja: wa kwanza anaposhusha mchi wake, wa pili yuko njiani, na wa tatu anainua. Kila mmoja yuko nyuma ya mwenzake kwa theluthi moja ya mwendo.

Kati ya fezi yo yote na nyutro, hapa Kenya nguvu ni volti 240. Lakini kati ya fezi moja na fezi nyingine nguvu si 240, wala si 480. Ni volti 415. Jambo hili ni la kukumbuka kila mara sakiti za fezi mbalimbali zinapokutana katika banda moja, na zaidi katika kisanduku kimoja cha swichi.

KWA NINI NYUTRO MOJA YAWEZA KUTOSHA

Chukua pete ya chuma, uifunge kamba tatu. Waite vijana watatu wenye nguvu sawa, kila mmoja avute kamba yake, wakiwa wamesimama kwa nafasi sawa kuizunguka pete. Pete itakwenda wapi? Haitakwenda po pote. Nguvu tatu zimemalizana zenyewe kwa zenyewe. Hata ukiwa umeipigilia pete hiyo chini kwa mambo, mambo hiyo haina kazi ya kufanya.

Nyutro ndiyo mambo. Fezi tatu ndio vijana watatu. Tuseme kila fezi inabeba mzigo sawa wa taa. Wakati fezi ya kwanza imefika kilele chake, inasukuma 10 kwenda mbele. Wakati huo huo fezi ya pili inasukuma 5 kurudi nyuma, na ya tatu vile vile 5 kurudi nyuma. Ukijumlisha, 10 toa 5 toa 5, jibu ni sifuri. Ukipima dakika yo yote nyingine, jibu ni lile lile. Stima iliyokwenda kwa fezi moja imerudi kwa fezi nyingine mbili, na waya wa nyutro haukubeba kitu.

Kwa sababu hiyo mota ya kinu cha posho ya fezi tatu haihitaji nyutro kabisa. Inavuta sawa kwa fezi zote. Lakini taa haziko hivyo, kwa kuwa watu huziwasha na kuzizima wapendavyo.

HESABU FEZI ZISIPOLINGANA

Sasa mmoja wa vijana akichoka, pete itavutwa upande wa wale wengine, na mambo italazimika kushika. Hivyo ndivyo nyutro inavyoanza kufanya kazi. Hesabu yake si ya kujumlisha tu. Tazama mifano hii, ambayo ni ya balbu za zamani zenye uzi ndani:

Fezi zote tatu zikibeba ampea 6 kila moja, nyutro inabeba 0.

Fezi mbili zikibeba 6 kila moja, na ya tatu imezimwa, nyutro inabeba 6.

Fezi moja ikibeba 6, na mbili zimezimwa, nyutro inabeba 6.

Fezi zikibeba 6, 4 na 2, nyutro inabeba karibu 3 na nusu.

Unaona basi kwamba kwa taa za namna hiyo nyutro haibebi kamwe zaidi ya ile fezi yenye mzigo mkubwa kuliko zote. Ndiyo maana fundi anasema waya mmoja watosha. Na akiba yake ni ya kweli. Tuseme mabanda yako yako mita 80 kutoka kwenye bodi. Sakiti tatu zenye nyaya mbili mbili zataka mita 480 za waya, bila kuhesabu waya wa ardhi. Fezi tatu na nyutro moja zataka mita 320. Umeokoa mita 160.

Kuna faida nyingine mbili za kugawa taa katika fezi tatu. Fezi moja ikipotea kwa sababu ya mti ulioangukia nyaya, taa za fezi nyingine zaweza kubaki, nawe hutaachwa gizani katikati ya kazi. Tena, taa za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa macho hayaoni. Gurudumu au mkanda wa mashine ukizunguka chini ya taa hizo waweza kuonekana kama umesimama, na mtu akatia mkono. Taa zilizo jirani zikiwa katika fezi mbalimbali, hazipepesi pamoja, na hatari hiyo inapungua sana.

Hata hivyo kugawa taa katika fezi tatu ni jambo moja, na kuzipa nyutro moja ni jambo la pili. La kwanza ni jema. La pili lina hatari tatu.

HATARI YA KWANZA: NYUTRO IKIKATIKA

Rudi kwenye pete yetu. Kijana mmoja ana nguvu sana, mwingine ni mnyonge. Mambo bado inashika, kwa hiyo pete iko mahali pake. Sasa ng'oa mambo. Pete itakimbilia upande wa yule mwenye nguvu. Kamba yake itakuwa fupi, na kamba ya yule mnyonge itakuwa ndefu.

Ndivyo inavyokuwa katika nyaya. Tuseme ni saa mbili ya usiku. Banda la kwanza lina balbu moja ya wati 60 inayowaka. Banda la pili, katika fezi nyingine, lina balbu tano kama hiyo. Banda la tatu limezimwa. Kiungo cha nyutro, ambacho fundi alikisokota kwa mkono na kukifunga kwa utepe juu ya dari, kinalegea na kuachana. Stima haina tena njia ya kurudi kwa nyutro. Basi inatoka fezi ya kwanza, inapita katika ile balbu moja, kisha inapita katika zile tano, na kurudi kwa fezi ya pili. Volti zote 415 zinagawanywa kati ya makundi hayo mawili.

Kundi lenye balbu tano linapata kadiri ya volti 69. Balbu zake zinakuwa nyekundu kama makaa yanayozimika. Ile balbu moja inapata kadiri ya volti 346, na yenyewe imetengenezwa kwa 240. Inang'aa kama jua, kisha inaungua.

Balbu ni hasara ndogo. Lakini weka mahali pa balbu hiyo mashine ya kuangulia mayai, au redio, au chaja ya simu iliyoachwa juu ya gunia. Volti 346 katika chombo cha volti 240 ni moshi, na baada ya moshi ni moto. Na breka haitajikata, kwa kuwa ampea zinazopita ni chache.

Kwa hiyo shika dalili hizi: taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi huku za chumba kingine zimefifia, au ukiwasha taa moja, nyingine inabadilika. Ukiona hivyo, usitafute sababu. Nenda moja kwa moja ukazime swichi kuu, kisha umwite fundi. Ikiwa majirani nao wanaona hivyo, kosa liko kwenye nguzo; wapasheni habari Kenya Power mara moja.

HATARI YA PILI: WAYA UNAODHANIWA UMEKUFA

Hatari hii ndiyo inayoua, na inawaua hata wenye kuangalia. Soma pole pole.

Taa ya banda la kwanza haiwaki. Fundi anakwenda kwenye bodi na kuzima breka ya banda la kwanza. Anachukua testa, anaigusa kwenye waya wa moto wa taa ile. Testa haiwaki. Vema. Anaigusa kwenye nyutro. Testa haiwaki. Vema tena. Mtu ye yote angesema kwamba nyaya zimekufa. Basi anafungua kiungo cha nyutro, akishika ncha moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto.

Lakini nyutro ile ni ya banda la pili pia, na taa za banda la pili zinawaka. Stima yao ilikuwa inarudi kwenye bodi kwa waya huo huo. Testa haikuwaka kwa sababu nyutro ilipokuwa nzima ilikuwa imeungwa na ardhi kule kwenye chanzo. Mara tu kiungo kilipofunguliwa, ncha inayotoka kwenye taa imekuwa moto, volti 240 kamili, na njia ya kurudi iliyobaki ni mikono na kifua cha yule fundi.

Je, breka ya banda la pili itajikata? Haitajikata. Inangoja ampea 6 au zaidi. Je, ile swichi ya kukinga watu, ambayo hupima kama stima iliyotoka imerudi yote, itajikata? Nayo haitajikata, kwa maana stima iliyopita kifuani mwa fundi imerudi yote kwenye nyutro. Hakuna iliyopotea ardhini. Swichi hizo kwa kawaida hupangwa zikate upungufu ukifika 0.03 ya ampea, kwa sababu zaidi ya hapo maisha ya mtu yako hatarini. Balbu moja tu ya wati 60 hupitisha 0.25 ya ampea. Ni mara nane na zaidi.

Ona basi: fundi alizima breka, alipima kwa testa, alifuata njia yote, na bado mtego ulikuwa unamngoja. Mtego huo uliwekwa na yule aliyeokoa waya miaka iliyopita, bila kuandika neno lo lote katika bodi.

HATARI YA TATU: WAYA MMOJA KUBEBA MZIGO WA WATATU

Nyutro moja inatosha kwa sharti kwamba sakiti zake ziwe katika fezi mbalimbali. Sasa ngoja miaka michache. Breka moja inaharibika. Mtu anakuja, anaona nafasi tupu mahali pengine katika bodi, anahamisha waya wa moto. Kwa bahati mbaya nafasi hiyo ni ya fezi ile ile ya sakiti nyingine. Taa zinawaka vizuri, analipwa, anakwenda zake.

Lakini vijana wawili sasa wanavuta kamba upande mmoja. Hesabu ya nyutro imekuwa ya kujumlisha: 6 na 6 ni 12. Zote tatu zikiwekwa katika fezi moja, ni 18. Breka zikiwa za ampea 10, nyutro yaweza kufikishwa 30, nayo ni waya mwembamba wa taa wa milimita mraba 1.5, ambao haujatengenezwa kubeba hata 20 kwa usalama. Inapata moto ndani ya ukuta au juu ya dari, na hakuna breka hata moja inayoiona, kwa maana breka tulisema zinaangalia nyaya za moto tu.

Kutokana na hayo wewe mwenye stima ya fezi moja, na ndio walio wengi, pokea sheria yako kwa neno moja: usikubali kamwe sakiti mbili zitumie nyutro moja. Kwako hakuna kumalizana. Kuna kujumlisha tu.

Tena kuna jambo la balbu za siku hizi. Balbu za LED na nyingine za elektroniki, hasa zile za bei rahisi, hazivuti stima kwa ulaini kama balbu za uzi. Zinaivuta kwa vipande, na ndani ya vipande hivyo mna mawimbi ya mara 150 kwa sekunde. Mawimbi hayo, katika fezi zote tatu, huja kwa wakati mmoja. Hayamalizani katika nyutro, bali yanajumlishana. Kwa taa za namna hiyo nyutro yaweza kubeba hata mara 1.7 ya fezi moja, ingawa fezi zote zinalingana. Fezi zikiwa na ampea 6 kila moja, nyutro inaweza kufika 10. Basi mtu asikuambie kwamba nyutro ya fezi tatu yaweza kuwa nyembamba kuliko nyaya za moto. Maneno hayo ni ya taa za zamani.

NJIA ILIYO NJEMA

Je, mkulima aache akiba ile yote? La. Iko njia ya kuipata bila mtego.

Usishirikishe nyutro katika nyaya ndogo za taa. Ishirikishe katika waya mkubwa unaokwenda kwenye mabanda, kisha ukomee hapo. Yaani, kutoka bodi kuu vuta kebo moja iliyovikwa chuma, yenye nyaya nne ndani: fezi tatu na nyutro iliyo nene sawa na fezi, pamoja na waya wa ardhi. Mwanzo wa kebo hiyo pawe na breka ya fezi tatu yenye mkono mmoja, inayozikata zote kwa pamoja. Mwisho wake, kule mabandani, weka bodi ndogo. Kutoka bodi hiyo ndogo kila sakiti ya taa itoke na waya wake wa moto na nyutro yake yenyewe.

Hesabu mita: kwa zile mita 80 bado ni nyaya nne, mita 320. Umepata karibu akiba ile ile, ingawa bodi ndogo ina gharama yake. Hatari ya nyutro kukatika haikuisha, lakini badala ya viungo kumi vilivyofichwa juu ya dari una viungo viwili tu, kimoja kila mwisho wa kebo, vyenye skrubu nene, ambavyo fundi anaweza kuvikaza na kuvikagua. Na fundi akizima breka ya sakiti moja, nyutro ya sakiti hiyo imekufa kweli.

Hii ndiyo desturi ya kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa Kenya wamefundishwa kwazo: kila sakiti iwe mbali na nyenzake, nyutro zisichanganywe. Marekani wanaruhusu nyaya za moto mbili au tatu zitumie nyutro moja, lakini wameweka masharti makali. Tangu kanuni zao za mwaka 2008 ni lazima breka za sakiti hizo zote zikatwe kwa mkono mmoja. Na kiungo cha nyutro ni lazima kiwe cha namna ambayo ukiondoa taa moja au soketi moja nyutro ya wengine haikatiki. Wao nao wamejifunza kwa ajali.

ANGALIA RANGI

Hapa pana mtego mwingine. Katika nyaya za zamani fezi tatu ni nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ni nyeusi. Katika nyaya mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Tazama vizuri: nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni moto, na buluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro! Jengo la zamani likiongezwa nyaya mpya, rangi peke yake haiaminiki. Fundi apime kila waya, na aandike onyo katika bodi kwamba rangi za namna mbili zimo.

MAMBO YA KUMWULIZA FUNDI

Kabla hujalipa hata shilingi, mwulize haya:

1. Je, una leseni ya EPRA, nayo inakuruhusu kufanya kazi ya fezi tatu? Akuonyeshe.

2. Je, kila sakiti ya taa ina nyutro yake kutoka kwenye bodi? Akisema ndiyo, akuonyeshe nyutro hizo zimepangwa kwa utaratibu ule ule wa breka, kila moja na namba yake.

3. Je, kuna sakiti yo yote iliyoazima nyutro ya nyingine? Fundi mwema anajua jinsi ya kuthibitisha. Atazima stima yote, atatoa nyutro zote kwenye chuma chake, kisha atapima kati ya moja na nyingine. Mbili zikionekana zimeungana, hapo pana mkopo, na ni lazima uvunjwe.

4. Ikiwa nyutro imeshirikishwa kwa makusudi, je, breka zake zinakatwa kwa mkono mmoja, na onyo limeandikwa?

5. Viungo vya nyutro viko wapi, na vimefungwa kwa skrubu au vimesokotwa kwa mkono tu?

6. Je, swichi ya kukinga watu imewekwa? Ikiwa inajikata ovyo kila taa fulani ikiwashwa, usikubali iondolewe. Mara nyingi inakuambia kwamba nyutro zimechanganywa: stima imetoka kwake na kurudi kwa njia ya mwingine.

7. Je, utanipa cheti cha kumaliza kazi? Kiweke pamoja na karatasi zako za shamba.

Wewe mwenyewe usifungue bodi. Kazi yako ni kuuliza, kutazama, na kukataa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kama mko katika chama cha ushirika, someni pamoja, mjibu kabla ya kutazama majibu.

1. Kwa nini mota ya fezi tatu haihitaji nyutro?

2. Sakiti mbili za ampea 6 ziko katika fezi moja, nazo zinatumia nyutro moja. Nyutro inabeba ampea ngapi?

3. Taa za jikoni zimefifia, za sebuleni zinang'aa kupita kiasi. Utafanya nini kwanza?

4. Fundi amezima breka na testa haiwaki kwenye nyutro. Je, ni salama kuifungua nyutro hiyo ikiwa imeshirikishwa?

5. Waya mweusi ni nyutro au ni moto?

MAJIBU

1. Kwa sababu inavuta sawa kwa fezi zote tatu, na nguvu zao zinamalizana.

2. Ampea 12, na hakuna breka inayoona.

3. Kuzima swichi kuu.

4. Hapana. Nyutro nzima haiwashi testa. Ikifunguliwa, ncha ya upande wa taa yawa moto. Ni lazima sakiti zote zinazoitumia zizimwe kwanza, zifungwe zisiwashwe na mtu mwingine, kisha nyaya zipimwe.

5. Hujui mpaka upimwe.

Mwenye swali zaidi kuhusu kinu, pampu au mashine za shamba amwone Bwana Shamba wa mahali pake. Na mwenye nyumba ya zamani yenye fezi tatu, asingoje taa zififie. Amwite fundi mwenye leseni azipime nyutro zake kabla mtu hajapanda ngazi tena.